Ombudsman na malalamiko ya nyumba: anachoweza kuchunguza na asichoweza

Mkazi anayehisi ameonewa kuhusu nyumba ya serikali mara nyingi hupewa ushauri mmoja na majirani: "Peleka kwa Ombudsman." Ushauri huo ni mzuri, ila ni nusu ya habari. Sheria inaipa ofisi hiyo uwezo wa kuchunguza ofisi yoyote ya umma, ikiwemo Serikali ya Kaunti ya Kisumu, lakini pia inaiwekea mipaka. Anayeijua mipaka hiyo hubisha mlango unaofaa mapema. Asiyeijua anaweza kungoja miezi, kisha akaambiwa lalamiko lake ni la ofisi nyingine. Ikiwa alikuwa na notisi ya kuhama mkononi, huenda siku hiyo akakuta kufuli mlangoni.

Makala haya yanaeleza mipaka hiyo, yanataja ofisi nyingine zinazohusika, na kuonyesha hatua ambazo mkazi anafaa kuchukua kabla ya kulalamika.

Ofisi yenyewe

Jina rasmi la ofisi hii ni Tume ya Haki ya Utawala, lakini wengi wanaijua kama Ofisi ya Ombudsman. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 chini ya Kifungu cha 59 cha Katiba, na ikachukua nafasi ya kamati ya kudumu ya malalamiko ya umma iliyoanza mwaka 2007. Kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge Ana Haki". Ina ofisi ya eneo jijini Kisumu, na huduma zake hazilipiwi.

Wazo la ofisi ya aina hii si geni katika ukanda wetu. Lilianzia Sweden mwaka 1809, na Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kulichukua ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi katikati ya miaka ya 1960. Kila nchi iliyolichukua imeweka mpaka kati ya kazi ya Ombudsman na kazi ya mahakama. Huko Uingereza, kwa mfano, serikali za mitaa husimamia ruzuku ya kodi ya nyumba kwa watu wa kipato cha chini. Anayenyimwa ruzuku hiyo hukata rufaa kwenye jopo la rufaa. Ombudsman wa huko kwa kawaida haingilii uamuzi ambao una rufaa, ila anaweza kuchunguza ucheleweshaji na uzembe wa maafisa walioushughulikia. Mpaka wa Kenya unafanana sana na huo.

Malalamiko ya nyumba hutoka wapi

Kenya haina ruzuku ya kodi kama ile ya Uingereza. Hata hivyo, Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa, na serikali zote mbili zinahusika na nyumba kwa njia tofauti.

Kwanza kuna nyumba za kupangisha ambazo kaunti ilirithi kutoka kwa iliyokuwa manispaa, katika mitaa kama Ondiek na Anderson. Wapangaji wake hulalamikia risiti zisizoingizwa kwenye akaunti, notisi za kuhama, ukarabati unaochelewa, au nyumba ya marehemu kupewa mtu mwingine kabla ya familia kusikilizwa.

Pili kuna Mpango wa Nyumba za Bei Nafuu. Chini ya sheria iliyoanza kutumika Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Sheria hiyo inagawa nyumba kwa kipato: nyumba za kijamii ni za wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu ni za wanaopata kati ya shilingi 20,000 na 149,000. Jijini Kisumu, ujenzi mpya katika mitaa ya Makasembo na Lumumba umewafanya wakazi wengi kutaka kujua nani atapata nyumba na kwa utaratibu gani. Ni vyema kukumbuka kwamba ushuru huu si akiba. Kukatwa peke yake hakumpi mtu nyumba. Ni lazima atume ombi, atimize masharti na agawiwe.

Tatu kuna wapangaji wa nyumba za watu binafsi, ambao ndio wengi zaidi katika mitaa kama Nyalenda, Manyatta, Obunga na Kondele. Hawa nao hupelekea Ombudsman malalamiko, ingawa, kama itakavyoonekana, hapo si mahali pao.

Swali ambalo Ombudsman huuliza

Kazi ya Tume ni kuangalia jinsi ofisi ya umma ilivyomhudumia mwananchi. Sheria inataja ucheleweshaji, matumizi mabaya ya mamlaka, upendeleo, uzembe, lugha ya dharau na kutojibu barua. Tume haiketi kama hakimu kuamua nani anastahili nyumba namba fulani.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza samaki Dunga na kuishi katika nyumba ya kaunti. Amepokea notisi inayosema ana malimbikizo ya kodi na ahame baada ya siku 30. Yeye ana risiti za miezi yote. Ameandika barua mbili kwa ofisi inayosimamia nyumba na hajajibiwa.

Ombudsman anaweza kuuliza mambo haya: Kwa nini barua hazikujibiwa? Je, mama huyu alipewa nafasi ya kujieleza kabla ya notisi kutolewa? Je, risiti zake zilikaguliwa? Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 vinazitaka ofisi zote za umma kufanya hivyo. Ikiwa hazikufanya, huo ni utawala mbaya na Tume inaweza kuuchunguza. Inaweza kuwaita maafisa, kudai faili na kuhoji mashahidi. Kaunti haina kinga dhidi ya uchunguzi huo.

Lakini ikiwa ofisi ilimsikiliza, ikakagua risiti, ikampa sababu kwa maandishi, na yeye bado haridhiki na hesabu iliyofikiwa, mzozo uliobaki ni wa hesabu na mkataba. Huo una pengine pa kuamuliwa.

Mipaka iliyowekwa na sheria

Kifungu cha 30 cha sheria ya Tume kinaorodhesha mambo ambayo Ombudsman hapaswi kuchunguza. Mengine, kama maamuzi ya Baraza la Mawaziri, utoaji wa nishani za Rais na uhusiano wa Kenya na mataifa ya nje, hayamgusi sana mpangaji. Manne yanamgusa moja kwa moja.

*Kesi iliyo mahakamani.* Jambo likishafika mbele ya mahakama au jopo lenye mamlaka ya kimahakama, Tume hulisimamia mbali. Mama wa Dunga akienda mahakamani kuzuia kufukuzwa, Ombudsman hataendelea kuchunguza notisi ileile. Mfano wa kitaifa ni ushuru wa nyumba wenyewe. Mnamo Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba ushuru huo, jinsi ulivyowekwa katika Sheria ya Fedha ya 2023, ulikiuka Katiba, na baadaye Bunge likapitisha sheria mpya. Swali la iwapo ushuru ni halali lilikuwa la majaji tangu mwanzo hadi mwisho.

*Makosa ya jinai.* Karani akiitisha "kitu kidogo" ili jina la mtu lipande kwenye orodha, hilo ni kosa la jinai. Mahali pake ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ambayo pia ina ofisi Kisumu, au polisi. Vivyo hivyo kwa matapeli wanaouza fomu bandia za nyumba.

*Jambo lenye rufaa au njia nyingine ya kisheria.* Huu ndio mpaka unaowakwaza watu wengi. Ikiwa sheria imempa mtu nafasi ya kukata rufaa au kwenda kwenye jopo fulani, anatarajiwa kuitumia kwanza. Hata hivyo, sheria imeacha mwanya: Tume inaweza kuchunguza ikiona kwamba si haki kumtarajia mlalamishi atumie njia hiyo. Kwa hiyo mtu ambaye ana sababu ya kweli ya kushindwa kukata rufaa, kwa mfano mgonjwa aliyelazwa hospitalini au mtu ambaye ofisi haikumwambia kwamba ana haki hiyo, aieleze sababu hiyo wazi katika lalamiko lake. Uamuzi ni wa Tume.

*Jambo linalochunguzwa na ofisi nyingine.* Ikiwa tume nyingine au chombo kingine cha kisheria kimeshaanza uchunguzi, Ombudsman hukaa kando. Kupeleka lalamiko moja kwa ofisi nne siku moja, jambo ambalo wengi hulifanya wakidhani litawapa nguvu, kunaweza kulichelewesha kila mahali.

Kuna mpaka wa tano, ambao unatokana na maana yenyewe ya ofisi hii. Ombudsman hushughulikia ofisi za umma. Mwenye nyumba wa kibinafsi anayekatia mpangaji maji, au mwajiri wa kampuni binafsi anayemkata mfanyakazi ushuru wa nyumba na kuuweka mfukoni, si afisa wa umma.

Milango mingine

Mpangaji wa nyumba ya kuishi ya mtu binafsi ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi analindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na mzozo wake husikilizwa na jopo la kodi lililoundwa na sheria hiyo. Kiwango hicho ni cha zamani na kodi za nyumba nyingi mjini zimekipita, lakini bado wapo wapangaji wa vyumba vya mtaani wanaolindwa nacho. Wa kodi ya juu zaidi huenda mahakamani. Anayedai kurudishiwa amana ya nyumba anaweza kutumia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60.

Mwenye duka, kibanda au karakana anayepandishiwa kodi au kufukuzwa ana jopo lake, la Kodi za Majengo ya Biashara. Mfanyakazi aliyekatwa ushuru wa nyumba na mwajiri asiyeuwasilisha apeleke habari hiyo kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe pesa ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kwisha, na akichelewa anatozwa asilimia 3 ya kiasi hicho kwa kila mwezi.

Malalamiko kuhusu sera, kwa mfano kodi za nyumba za kaunti kuwa juu au mtaa kuachwa bila mpango wa ukarabati, yanaweza kupelekwa kwa Bunge la Kaunti kama ombi rasmi la wakazi, moja kwa moja au kupitia mwakilishi wa wadi.

Lalamiko halisimamishi notisi

Jambo hili ndilo lililowaponza watu wengi. Kuandikisha lalamiko kwa Ombudsman si sawa na kupata amri ya mahakama. Tume haitoi zuio. Siku za notisi huendelea kuhesabiwa wakati barua zinapoandikwa na kujibiwa, na siku za kukata rufaa pia.

Kwa hiyo mama wa Dunga ana uamuzi wa kufanya mapema. Ikiwa zimebaki siku chache na ofisi haijakubali kusitisha notisi, njia yake ni mahakama, kwa kuwa huko ndiko kunakoweza kutolewa amri ya kusimamisha ufukuzaji. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Ikiwa hakuna tishio la karibu na shida ni ofisi kukaa kimya, njia ya Ombudsman ni rahisi zaidi, haina gharama na haihitaji wakili.

Mapendekezo, si amri

Uchunguzi ukikamilika, Tume hutoa ripoti yenye mapendekezo. Inaweza kupendekeza ofisi iombe radhi, ibadilishe uamuzi, ilipe fidia au imchukulie afisa hatua. Ofisi ikipuuza, Tume inaweza kuripoti kwa Bunge la Taifa.

Je, ofisi inalazimika kutii? Swali hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu Zaidi katika kesi kati ya Bodi ya Utekelezaji ya Ruwaza ya 2030 na Tume. Mnamo 2021 majaji waliamua kwamba mapendekezo hayo hayakuwa na nguvu ya kuilazimisha bodi hiyo. Mlalamishi alikuwa ameungwa mkono na Tume, lakini hakuweza kutumia mahakama kulazimisha pendekezo litekelezwe kana kwamba ni amri.

Hiyo haimaanishi kwamba ripoti ya Ombudsman ni karatasi bure. Ofisi nyingi hurekebisha makosa zinapoandikiwa barua tu, kabla hata uchunguzi kuanza, kwa sababu faili hufunguliwa na afisa mkubwa huuliza kilichotokea. Lakini mkazi asiende akidhani atatoka na hati ya kumrudishia nyumba.

Pale ambapo Tume ina amri

Kuna eneo moja ambako nguvu ya Tume ni kubwa zaidi, nalo halijulikani sana. Ombudsman pia ndiye msimamizi wa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mkenya yeyote anaweza kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, mwombaji anaweza kupeleka jambo hilo kwa Tume. Hapa Tume inaweza kuamuru habari itolewe, na amri hiyo inaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu na kutekelezwa kama amri ya mahakama. Ofisi isiyoridhika ina siku 21 za kukata rufaa.

Kwa malalamiko ya nyumba, hii ni njia muhimu. Mtu anayeshuku kwamba nyumba ziligawanywa kwa upendeleo huenda hana ushahidi wowote. Badala ya kuanza na shutuma, anaweza kuomba vigezo vilivyotumika, tarehe ya ugawaji na taarifa za akaunti yake mwenyewe. Habari za siri za waombaji wengine hazitatolewa, kwa sababu sheria inazilinda. Lakini vigezo na taratibu ni mali ya umma.

Vivyo hivyo, aliyenyimwa kitu na ofisi ya umma anaweza kuomba sababu kwa maandishi chini ya sheria ya 2015. Ofisi ina siku 30 kujibu. Isipojibu, sheria inachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Barua hiyo moja inaweza kumsaidia mkazi popote atakapokwenda baadaye, iwe kwa Ombudsman au mahakamani.

Kabla ya kulalamika

Mkazi mwenye lalamiko la nyumba dhidi ya ofisi ya umma anashauriwa afuate hatua hizi:

1. Aandikie kwanza ofisi inayohusika. Barua itaje jina, namba ya nyumba au ya ombi, kilichotokea, tarehe, na anachotaka kifanyike.

2. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, ni vigumu kuonyesha kwamba ofisi ilikaa kimya.

3. Aombe sababu za uamuzi kwa maandishi, na aulize kama kuna rufaa na siku ngapi zimewekwa.

4. Ahifadhi risiti, jumbe za malipo ya simu, notisi na mikataba mahali pamoja. Nakala zipelekwe ofisini. Hati asili zibaki nyumbani.

5. Achague mlango mmoja kulingana na tatizo: utawala mbaya kwa Ombudsman, hongo kwa EACC, mzozo na mwenye nyumba binafsi kwenye jopo au mahakama, na tishio la kufukuzwa siku za karibuni mahakamani.

6. Akienda kwa Ombudsman, aeleze wazi kwamba hakuna kesi mahakamani, na kama kuna rufaa ambayo hakuitumia, aseme kwa nini.

Lalamiko linaweza kuandikwa au kusemwa kwa mdomo, na asiyeweza kuandika huandikiwa na afisa wa Tume. Mtu pia anaweza kulalamika kwa niaba ya mwingine, kama mzazi mzee aliye Nyakach au Seme ambaye hawezi kusafiri hadi mjini. Ofisi za wasimamizi wa wadi katika kaunti ndogo zote saba hupokea barua za wakazi kwa idara za kaunti, na mkazi anaweza kuomba nakala yake ipigwe muhuri hapohapo.